Makalavati Manne Jangwani

Maneno niliyoyasema Ujiji, jioni ya tarehe 20 Juni, mbele ya wanafunzi wa ufundi, walimu wao na wazee wa mji.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, poleni na kazi. Vijana, hamjambo? Nashukuru kwa kiti mlichoniwekea, lakini naomba nizungumze nimesimama. Kazi yangu yote nimeifanya nimesimama, na mawazo yangu yameshazoea hivyo.

Naanza na kalavati. Hapa hakuna asiyelijua. Barabara ikitengenezwa, mabomba makubwa ya zege huletwa kwa lori na kulazwa kando, yakingoja zamu yake ya kufukiwa. Wakati yanangoja, watoto huyageuza nyumba. Nami nilikuwa mmoja wa watoto hao. Ukikaa ndani ya kalavati saa nane mchana, kwanza unahisi ubaridi mgongoni. Kisha unaona kwamba dunia ya nje imekatwa mviringo: mwembe mmoja, kipande cha barabara, mama amebeba kuni. Kila siku ulikuwa ukiupita mwembe ule, lakini siku hiyo ndiyo unauona.

Miaka michache iliyopita binti yangu wa mwisho, anayesomea usanifu majengo, alinionyesha picha kwenye simu. Uwanda mkavu usio na mti, milima mbali, na katikati makalavati manne yamelala. Akaniuliza, "Baba, unaona nini?" Nikamjibu kwamba naona mkandarasi aliyeondoka bila kumaliza kazi. Akasema, "Angalia tena, angalia yamepangwaje." Nikavaa miwani. Yalikuwa yamepangwa mawili mawili yakitazamana, yote manne yakifanya alama ya kuzidisha. Na katikati ya bomba, pale hasa ambapo mpimaji angeweka nywele ya kulengea ya darubini yake, lilikuwapo jua jekundu linazama.

Usiku ule sikulala mapema. Nimepima ardhi ya mkoa huu kwa miaka zaidi ya thelathini: mashamba, viwanja, maeneo ya shule na barabara. Kupanga vitu vizito vinne porini ili jua lije likae katikati yake kwa siku iliyokusudiwa, hiyo ni kazi ninayoijua uzito wake. Nikataka kumjua aliyeifanya.

Anaitwa Nancy Holt. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1938 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, akakulia New Jersey. Alisomea biolojia katika Chuo Kikuu cha Tufts, akamaliza mwaka 1960, kisha akahamia New York. Mwaka 1963 aliolewa na msanii Robert Smithson. Alianza na maneno na picha: mashairi yaliyopangwa kama michoro, picha za kamera, baadaye filamu. Mwaka 1968 alisafiri na mumewe na msanii mwenzao Michael Heizer kwenda majangwa ya magharibi ya nchi yao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona ule upana. Alisimulia baadaye kwamba alipofika, usingizi ulimruka siku kadhaa.

Miaka ile kulikuwa na kundi la wasanii waliochoka na kazi ya kutundika ukutani. Walitoka wakaenda kufanya kazi na udongo, mawe na anga lenyewe, mbali na miji. Ndiyo inayoitwa sanaa ya ardhi, na Nancy Holt ni miongoni mwa waanzilishi wake. Alama ya sanaa hii ni kwamba haihamishiki. Sisemi haibebeki, maana kreni hubeba kitu chochote. Nasema ukiihamisha, inakufa.

Wazee wa Ujiji hili wanalielewa kuliko maprofesa. Msikiti hapa hapa Ujiji, kibla chake kinaelekea kaskazini, kimeinama mashariki kwa nyuzi kama ishirini. Chukua msikiti huo na kuta zake na mihirabu yake, uupeleke Tanga vilevile ulivyo, bila kuugeuza. Kule kibla kinakaribia kuwa kaskazini tupu. Jengo ni lile lile, matofali ni yale yale, lakini watu wanaswali wameelekea pasipo. Kwa hiyo kuna vitu ambavyo mahali vilipo ni sehemu ya vitu vyenyewe. Nancy Holt aliishi akitafuta vitu vya namna hiyo.

Zipo kazi zake ndogo mbili ambazo mimi nazipenda sana, ingawa wanaoandika juu yake huzipita haraka. Mwaka 1969 alikuwa Uingereza, kwenye nyika ya Dartmoor. Akakuta njia ya miguu ambayo wenyeji walikuwa wameiwekea madoa ya rangi ya machungwa, kwenye jiwe, kwenye mlango wa uzio, ili mpita njia asipotee. Akaifuata akipiga picha kila doa. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Mimi nimepaka rangi mawe mangapi katika vichaka vya Kasulu na Kibondo, na sikuwahi kufikiri kwamba mawe yale, yakipangwa kwa mfuatano, ni safari iliyoandikwa!

Ya pili alianza mwaka huo huo. Alitunga mashairi kwa ajili ya watu watano aliowafahamu, mumewe akiwa mmoja wao, akayazika ardhini. Kila mmoja alimchagulia mahali panapofanana na tabia yake, akampa ramani na maelezo ya jinsi ya kupafikia. Shairi lilikuwa chini ya udongo na njia ilikuwa mkononi mwa mwenyewe. Vijana wa upimaji mlioko hapa, mnapoandika maelezo ya bikoni, lile jiwe la mpaka, kwamba iko hatua kadhaa kutoka kwenye mkuyu, kumbukeni kwamba kuna mtu aliyetumia maandishi ya namna hiyo kumpelekea rafiki yake salamu.

Kuanzia mwaka 1971 akatengeneza mabomba ya chuma ya kuchungulia. Bomba fupi limechomelewa juu ya nguzo, kwa kimo cha jicho la mtu aliyesimama. Unasogea, unafumba jicho moja, unaona kile tu alichokuchagulia: dirisha la jirani, ufa wa ukuta. Mwaka 1972 aliyapeleka manane kwenye uwanda wa Montana, akayapanga duara kwa pande nane za dira. Tazameni, ni theodolaiti, ile darubini yetu ya kupimia pembe, isiyo na lenzi wala vipimo. Imebaki na kazi moja, kumsimamisha mtu akatazama upande mmoja bila haraka.

Sasa nirudi kwa yale manne.

Mwaka 1974 alinunua ekari 40 za jangwa katika jimbo la Utah, karibu na Lucin, kijiji cha reli kilichokwisha kuhamwa. Zamani za kale bonde lile lilikuwa chini ya maji ya ziwa kubwa lililokauka likaacha chumvi, na ubavuni mwa milima bado unaona mistari ya mahali maji yalipofikia. Alipafuata mahali hapo kwa sababu pako tambarare, pako wazi, na upeo unaonekana pande zote. Kisha akakaa akisoma jua.

Akatumia mabomba ya kiwanda, ya zege, kama haya tunayofukia barabarani. Kila moja lina urefu wa mita 5.5, kipenyo cha nje karibu mita 2.8, unene wa ukuta karibu sentimita 18, uzito karibu tani 20. Ndani mtu mzima anasimama bila kuinama. Kutoka mwisho wa bomba moja hadi mwisho wa lile linalolikabili ni mita 26. Mhimili mmoja unafuata jua linapochomoza mwezi Juni na kuzama mwezi Desemba. Mwingine unafuata linapochomoza Desemba na kuzama Juni. Kwa siku kama kumi hivi, jua likiwa limefika mwisho wa safari yake upande mmoja, linaonekana katikati ya bomba, asubuhi na jioni.

Tena akayatoboa. Kila bomba lina matundu juu, yamepangwa kama kundi moja la nyota: Joka, Perseus, Njiwa, na lile ambalo wanajimu wetu huliita Jadi. Nyota yenye mwanga mkali ilipewa tundu kubwa, hafifu ikapewa dogo. Kwa hiyo mchana, nje kukiwa na jua kali, ndani ya bomba unasimama gizani na nyota ziko miguuni pako, duara za mwanga zinazotembea taratibu sakafuni kadiri jua linavyosogea. Nilipolielewa hili niliifunga simu nikakaa kimya. Jua ndilo linalotuficha nyota kila siku. Yeye akalitumia jua hilo hilo kutuonyesha.

Naomba mnivumilie hapa, maana hili linanigusa kama fundi. Kazi ilipokamilika mwaka 1976 na akaandika maelezo yake mwaka uliofuata, hakujisimulia peke yake. Aliorodhesha kazi za watu aliowaajiri: wahandisi, mtaalamu wa nyota, mpima ardhi na msaidizi wake, dereva wa greda, madereva wa malori, seremala, wachimba mitaro, watoboaji wa zege, mwendesha kreni. Nimesimamia kazi nyingi na nimehudhuria uzinduzi mwingi. Sijawahi kumsikia msemaji anamtaja mchimba mtaro. Kwake yumo, tena amehesabiwa.

Na mpima ardhi alihitajika kweli, si kwa heshima tu. Vijana wa leo mna vifaa vya setilaiti, mnabonyeza, mnapata. Sisi tulitafuta kaskazini ya kweli kwa jua. Unaweka theodolaiti, unavaa kioo cheusi kwenye darubini la sivyo jicho linaungua, unalikamata jua, msaidizi anasoma saa, unaandika, kisha unakokotoa kwa almanaka, kitabu kinachoonyesha jua liko wapi kila siku. Na kanuni ni moja: likamate jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likisogea utosini mwelekeo wake unageuka kwa kasi ya ajabu, na kosa dogo la saa linakuwa kosa kubwa la ardhi.

Mimi hilo niliwahi kulipa. Nikiwa kijana, tulichelewa kufika eneo la kazi kwa sababu ya daraja, na nikachukua jua saa sita na dakika arobaini, likiwa karibu utosini, badala ya kungoja jioni. Nilikokotoa, hesabu ikakubali, tukapanda bikoni. Mstari ule ulikuwa umepinda. Ulipita ndani ya shamba la mihogo la bibi mmoja mjane, na ilichukua miezi minne kabla hatujarudi kuung'oa. Bibi yule hakunitukana. Alinionyesha kwa mkono jua linapozama nyuma ya kilima chake kila mwaka wakati wa kuvuna maharage, akaniuliza kwa nini sikumuuliza yeye. Nilikuwa na almanaka mkononi na sikuwa na jibu.

Ndiyo maana picha ya yale makalavati ilinikosesha usingizi. Nimetumia maisha yangu kupanda mawe ardhini ili kusema hapa ni pa fulani na pale ni pa fulani. Kazi ya halali, nami siionei haya. Lakini huyu mama alichukua vyombo vile vile, mpima yule yule, zege lile lile, akapanda vitu vinavyosema: hapa ndipo uliposimama, jua liko kule, dunia inazunguka nawe ukiwa juu yake. Alikuwa na hati ya ekari zake 40. Mipaka yake haikuwekewa uzio wa kuzuia watu. Mtu yeyote anaweza kwenda, akaingia ndani ya bomba.

Kuhusu mumewe nitasema machache, ingawa kwa watu wa ziwa ana jambo. Aprili 1970 Smithson alijenga gati la mawe meusi kwenye Ziwa la Chumvi, huko huko Utah. Zaidi ya tani 6,000 za mawe na udongo, urefu karibu mita 460, limejikunja kama ganda la konokono. Halikupita muda, ziwa likapanda, likalifunika. Lilikaa chini ya maji kwa sehemu kubwa ya miaka thelathini, hadi ukame ulipolirudisha juu mwaka 2002, likiwa limevaa chumvi nyeupe. Wenzetu kule walishangaa sana. Hapa Ujiji tungeshangaa? Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 maji yalikuwa jirani na mwembe waliokutania. Ziwa likaendelea kujaa hadi mwaka 1878, kisha mto Lukuga upande wa Kongo ukafunguka, na maji yakashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Leo mtu anatoka pale kwenye mnara wa kumbukumbu yao anatembea kwenda ufukweni. Na juzi juzi tu mmeliona ziwa likirudi tena na kuingia kwenye nyumba za watu. Sisi hatujawahi kuwa na ufukwe uliotulia.

Smithson hakuliona gati lake likirudi. Tarehe 20 Julai 1973 ndege ndogo aliyopanda ili kukagua eneo la kazi mpya huko Texas ilianguka. Alikuwa na miaka 35. Nancy Holt, pamoja na wasanii Richard Serra na Tony Shafrazi, ndio walioimalizia kazi ile. Kisha yeye akakusanya maandishi ya mumewe yakachapishwa mwaka 1979, akalinda kazi zake miaka na miaka. Kwa sababu hiyo wengi walimtaja kama mjane wa fulani. Makalavati yale aliyajenga katika miaka ile ile ya mwanzo ya ujane, akitafuta fedha, akibishana bei za zege, akiendesha gari jangwani. Nawaomba mkimtaja, mtajeni kwa kazi yake.

Nitaje nyingine moja, maana inahusu saa. Kati ya mwaka 1979 na 1984 alibuni bustani huko Arlington, Virginia, mahali palipokuwa na kituo chakavu cha mafuta. Aliweka matufe makubwa ya zege na nguzo, na chini akachora vivuli vya kudumu. Siku zote kivuli cha kweli na kivuli kilichochorwa haviafikiani. Lakini tarehe 1 Agosti kila mwaka, saa tatu na dakika 32 asubuhi, vinalingana, kimoja juu ya kingine. Kwa nini tarehe hiyo? Ndiyo siku ya mwaka 1860 ambayo mtu aitwaye William Henry Ross aliinunua ardhi ile. Tarehe ya mauziano, ambayo kwetu hulala kwenye faili ikiliwa na mchwa, yeye aliifanya kivuli, na watu hukusanyika kuingojea.

Sasa sikilizeni kuhusu saa yetu sisi. Nchi nzima tunafuata saa moja, na saa hiyo imepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi hata ya Dar es Salaam. Kigoma tuko mbali mno magharibi. Kwa hiyo hapa jua halifiki kati saa sita mchana, linafika karibu saa saba. Waswahili waliohesabu saa moja kuwa ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko walihesabu kwa jua la pwani. Hapa Ujiji saa moja asubuhi ndiyo kwanza jua linachomoza. Na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi tano kasoro kidogo, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la mchana linapita utosini hasa. Simamisha fimbo kwa timazi siku hizo, kivuli kinaingia chini yake kinapotea. Kule Utah jambo hilo halitokei hata siku moja. Na ukiyaleta makalavati yale hapa kama yalivyo, hayatalipata jua. Kule, kati ya Juni na Desemba, mahali pa kuzama kwa jua panasafiri nyuzi zipatazo 64 kwenye upeo. Hapa ni kama 47. Ile alama ya kuzidisha ingebidi ibanwe.

Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji kuambiwa haya. Mwezi ukiwa mkubwa wanafunga kazi na kushona nyavu, giza likirudi wanawasha taa na kuingia ziwani. Wazee wetu walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda nzima ndani ya sentensi moja. Vijana wangapi hapa wanaweza kunionyesha kilimia, lile kundi la nyota? Nawaona watatu. Wazee, nawaona wote mmeinua mikono.

Nancy Holt alifariki New York tarehe 8 Februari 2014, akiwa na miaka 75. Makalavati yake yapo, na tangu mwaka 2018 yanatunzwa na taasisi ya sanaa inayoitwa Dia. Kesho tarehe 21 Juni, watu watakuwa pale jangwani na mablanketi yao.

Na sisi tutakuwa Bangwe. Nimeshazungumza na walimu. Kesho jua letu linafika mwisho wa safari yake kaskazini, na litazama nyuma ya milima ya Kongo kabla ya saa moja jioni. Tukutane saa kumi na mbili juu kilimani. Hatuna kreni wala fedha ya zege. Nitakuja na timazi, kamba na vigingi viwili vya mninga. Kimoja tutakipiga pale tutakapokubaliana kusimama, cha pili hatua ishirini mbele, kwenye mstari wa jua linapogusa mlima. Tarehe 21 Desemba, mawingu yakituruhusu, tutarudi kwenye kigingi kile cha kwanza na kupiga cha tatu upande wa kusini. Wazee watakaoweza kupanda, tunawaomba mje. Ninyi mtatuambia mlima upi unaitwaje. Na mwenye nyundo nzito aje nayo, pale juu chini ya udongo kuna mwamba.